Stima ya usiku na mbolea ya chai

Najua nimekaa kimya muda mrefu, kazi zilinizidi. Leo siandiki kuhusu programu wala simu mpya. Naandika kuhusu stima, na kuhusu mfuko wa mbolea. Mwanzoni mtashangaa hivyo viwili vinahusiana vipi, lakini nifuateni polepole.

Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 nilikuwa nyumbani Mogogosiek, nimeketi mezani na laptopu, nikimalizia kazi ya mteja. Mwendo wa saa tatu na dakika arobaini na tano usiku taa zikazima. Hapo kwetu hilo si ajabu, mti ukiangukia nyaya tunangoja tu. Ila usiku huo niliwapigia marafiki Nairobi, wakasema nao wako gizani. Nikapigia Mombasa, giza. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa gizani kwa muda. Nchi karibu nzima ilizimika, na sehemu nyingine zilikaa hivyo hadi siku ya pili yake.

Kenya Power walisema chanzo ni kupotea ghafla kwa megawati 270 kutoka mradi wa upepo wa Ziwa Turkana. Wenye mradi wakajibu kwamba mitambo yao ilijitoa yenyewe ili isiharibike, kwa sababu volteji kwenye gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Sitaki kuwa hakimu wa kesi hiyo. Swali langu lilikuwa jepesi zaidi: inakuwaje mtambo mmoja ulioko Loiyangalani ukijitoa, mama yangu huku kwenye vilima vya chai anatafuta kibiriti?

Kulijibu inabidi turudi nyuma kidogo.

Gridi haina ghala

Wengi hudhani stima imewekwa mahali kama maji kwenye tangi, ukifungua bomba inatoka. Sivyo. Kila wati unayotumia sasa hivi inazalishwa sasa hivi. Wazalishaji na watumiaji wako kwenye mizani moja, na mizani hiyo ina kipimo chake: mkondo wa Kenya hutetemeka mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Watumiaji wakizidi, mitambo inaelemewa na kupunguza mwendo, hezi zinashuka. Wazalishaji wakizidi, zinapanda. Zikienda mbali mno upande wowote, mitambo inajizima kujilinda. Mmoja ukijizima mzigo unaangukia iliyobaki, nayo inaanza kujizima mmoja mmoja. Sisi waandika programu tunaijua hali hii vizuri: sava moja ikianguka, zilizobaki zinazidiwa na maombi, dakika mbili baadaye zote chini.

Mfano ambao hakuna Mkenya aliyeusahau ni wa tarehe 7 Juni 2016. Tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikaelemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona akachukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Watu walicheka sana mitandaoni, lakini ukifikiri, si jambo la kuchekesha kwamba gridi ya taifa ilikuwa haina kitu cha kuegemea.

Miaka ya kuomba mvua

Historia ya stima yetu kwa sehemu kubwa ni historia ya maji. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha umeme wa Uganda ulikuwa unafika Nairobi. Baada ya uhuru tukajenga yetu kwenye Tana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kisha Turkwel mwaka 1991. Huku kwetu, maji ya msitu wa Mau yanayoteremka kwa mito kama Itare na Kipsonoi hukutana na kuwa mto Sondu, na tangu mwaka 2008 yanazungusha mitambo ya Sondu Miriu kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Kwa hiyo mvua inayonyesha juu ya chai yetu ina kazi mbili.

Maji yana sifa nzuri moja: bwawa ni aina ya ghala. Ukihitaji stima zaidi unafungua, ukihitaji kidogo unafunga. Mizani ilikuwa rahisi kushikilia. Ubaya wake tuliuona kati ya 1999 na 2001, ukame ulipokausha mabwawa na serikali ikatangaza mgao wa umeme mwaka 2000. Viwanda vilifungwa saa nyingi kwa siku. Mwaka 2009 maji yakapungua tena hadi Masinga ikasimamishwa. Kila mara tuliokolewa na jenereta za dizeli, na kila mara bili ilituuma.

Ndipo nchi ikageukia ardhi ya Bonde la Ufa. Mtambo wa kwanza wa mvuke pale Olkaria, megawati 15, ulikuwa umeanza kazi mwaka 1981. Lakini ukuaji mkubwa ulikuja mwaka 2014 na kuendelea, zilipoongezwa megawati 280 kwa mkupuo, kisha Olkaria V mwaka 2019. Upepo wa Turkana nao, mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, ulikuwa tayari mapema mwaka 2017 lakini ukakaa bure hadi 2018 kwa sababu nyaya za kuuleta Suswa zilikuwa hazijakamilika, na serikali ikatozwa faini ya mabilioni ya shilingi. Mwishoni mwa 2022 tukaanza pia kununua megawati 200 kutoka Ethiopia.

Hapo tatizo likageuka kichwa chini. Zamani tulikosa stima. Sasa kuna saa ambazo inazidi.

Saa nane za usiku

Kenya hutumia stima nyingi zaidi jioni, watu wanapopika, kuwasha taa na kutazama habari. Mwezi Februari 2025 kilele kilipita megawati 2,300. Lakini kufikia usiku wa manane, wakati mimi peke yangu ndiye niko macho natafuta hitilafu kwenye programu, mahitaji yanaporomoka hadi karibu nusu ya hapo. Mvuke wa Olkaria haujui kuwa watu wamelala. Kisima cha mvuke hukifungi na kukifungua kila siku kama bomba la jikoni. Joto na baridi za kupokezana huharibu mabomba yake chini ya ardhi. Upepo wa Turkana nao, kwa ujeuri wake, huvuma vizuri usiku. Basi inabidi mitambo ipunguzwe, upepo ukataliwe, na mvuke uachiliwe hewani bila kuzungusha chochote.

Serikali ililiona hili. Desemba 2017 ilianzishwa bei ya usiku kwa viwanda: ukiongeza matumizi kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, unalipa nusu ya bei kwa kile ulichoongeza. Viwanda vingine vilihamisha kazi, lakini si vingi vya kutosha kuijaza saa hiyo tupu. Mfanyakazi wa zamu ya usiku naye analipwa, na mashine nyingi hazikujengwa kusubiri bei.

Hapa ndipo inapoingia elektrolaiza.

Kupasua maji

Elektrolaiza ni mashine ya kupitisha stima ndani ya maji na kuyapasua yawe haidrojeni na oksijeni. Wengi wetu tuliona jaribio lake shuleni, betri na penseli mbili kwenye glasi. Kanuni ni ile ile, ukubwa tu ndio tofauti. Kilo moja ya haidrojeni inahitaji angalau lita 9 za maji na, kwa mashine za leo, karibu kilowati-saa 50 hadi 55.

Kwa gridi, elektrolaiza ina faida mbili. Kwanza ni mlaji mkubwa anayeweza kula saa yoyote, hata saa nane za usiku. Pili, na hili ndilo watu husahau, anaweza kuacha kula ghafla. Aina za kisasa hupunguza mzigo ndani ya sekunde chache bila kudhurika. Rudi kwenye ule usiku wa Agosti 2023. Megawati 270 zimepotea, na gridi ina sekunde tu za kupata kitu cha kukata. Kungekuwa na elektrolaiza za megawati 100 zikifanya kazi, zingekatwa wao kwanza, bila mama wa mtu kukaa gizani. Sisemi zingeokoa usiku ule wote, lakini pengo la 270 lingekuwa 170, na hiyo ni tofauti kubwa kwa mtu anayeshikilia mizani.

Sasa haidrojeni tuipeleke wapi? Kuihifadhi na kuigeuza tena iwe stima ni kupoteza. Unarudishiwa kama theluthi moja tu ya ulichoweka. Lakini kuna kitu kingine inachotengeneza ambacho kila mkulima wa Konoin anakijua kwa harufu. Haidrojeni ukiichanganya na naitrojeni ya hewa, kwa njia aliyoionyesha Fritz Haber mwaka 1909, unapata amonia. Amonia ndiyo mama wa mbolea.

Hesabu ya mfuko mmoja

Mbolea ya chai yetu ni NPK 26:5:5. Maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 13 za naitrojeni. Kilo 13 za naitrojeni zinatoka kwenye karibu kilo 16 za amonia. Amonia hiyo inahitaji haidrojeni chini ya kilo 3. Ukijumlisha na stima ya kuigandamiza na kuichanganya, unafika karibu kilowati-saa 160. Maji yanayohitajika ni kama mtungi mmoja wa lita 20 na kidogo.

Kwa hiyo mfuko mmoja ni kama stima ya miezi mitano kwa nyumba inayotumia kilowati-saa 30 kwa mwezi. Na elektrolaiza ya megawati 10 ikifanya kazi saa nane za usiku, na kiwanda chake, inaweza kutoa naitrojeni ya mifuko 500 kila usiku. Nilirudia hesabu hii mara tatu kwa sababu sikuiamini.

Leo naitrojeni hiyo inatoka ng'ambo, imetengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe, inashushwa Mombasa na kupandishwa kwa lori hadi kiwandani. Mkulima huchukua kwa mkopo, akakatwa kwenye malipo ya majani chai. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022 bei ya mfuko ilipita shilingi 6,000. Serikali ikaweka ruzuku, mbolea ya ruzuku ikashuka hadi 3,500 mwaka huo na 2,500 mwaka uliofuata. Wale tuliokuzwa kwa bonasi ya chai tunajua maana ya mwaka ambao mbolea imekula bonasi.

Nilipomweleza mama hesabu hii, aliuliza swali moja tu: "Na hao wa stima wakizima, mbolea yangu itatoka wapi?" Nilicheka. Kisha nikaenda kusoma historia, nikagundua kwamba yeye ndiye alikuwa ameuliza la maana.

Waliotangulia

Jambo hili si geni, wala si la Wazungu peke yao. Wanorwe walianza kutengeneza mbolea kwa umeme wa maporomoko mwaka 1905 pale Notodden, na baadaye wakapasua maji kwa wingi huko Rjukan. Misri ilijenga kiwanda cha KIMA pale Aswan, kikaanza kazi mwaka 1960 kwa umeme wa bwawa la zamani la Aswan. Kusini mwetu, Zimbabwe ya leo, kampuni ya Sable Chemicals ya Kwekwe ilitumia elektrolaiza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikitegemea gridi iliyokuwa na umeme mwingi wa Kariba. Kwa miaka zaidi ya arobaini mahindi ya nchi ile yalilishwa mbolea iliyotokana na maji na stima.

Hivyo viwanda viliishaje? Norwe ilihamia kwenye mafuta na gesi vilipokuwa rahisi. KIMA ilibadilishwa, na mwaka 2020 kiwanda kipya cha gesi asilia kikachukua nafasi. Sable ndiyo hadithi yenye funzo kubwa zaidi kwetu. Ilikuwa miongoni mwa walaji wakubwa kabisa wa umeme nchini mwao, tena kwa bei ya chini. Nchi ilipoishiwa umeme, wa kwanza kutazamwa alikuwa yeye. Oktoba 2015, Kariba ikiwa imepungua maji, elektrolaiza zilizimwa. Baada ya hapo Sable ikawa inaagiza amonia kutoka nje.

Ona kilichotokea. Mashine zilijengwa juu ya ziada. Ziada ikaisha. Mtu anayekula makombo hapangiwi sahani.

Na sisi Kenya tuna kidonda chetu. Katika miaka ya 1970 serikali iliungana na kampuni ya N-Ren ya Marekani kujenga kiwanda cha mbolea Mombasa, kikaitwa Ken-Ren. Mikopo ikachukuliwa kwa mitambo ya kutoka Ubelgiji na Austria. Kiwanda hakikutoa hata mfuko mmoja. Kufikia 1978 kampuni ilikuwa imeanguka, lakini deni lilibaki likizaa, na kesi zake zilifika hadi Bunge la Mabwana la Uingereza mwaka 1994. Walipa kodi waliendelea kulipa kwa miongo. Kila ninaposikia neno "kiwanda cha mbolea" kwenye hotuba, namkumbuka Ken-Ren.

Leo tuko wapi

Septemba 2023, siku chache tu baada ya lile giza, Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni kwenye mkutano wa tabianchi Nairobi. Lengo la hatua ya kwanza, hadi 2027, ni elektrolaiza za karibu megawati 100, na kupunguza mbolea ya naitrojeni inayoagizwa kwa asilimia 20. Mwaka huo huo, shamba la Morendat karibu na Naivasha lilipata mtambo mdogo wa kampuni ya Talus, wa kutoa amonia kama tani 1 kwa siku kwa kutumia jua. Ni mdogo, lakini upo.

Wakati huo huo ile ziada inabadilika. Mwaka 2021 serikali ilisimamisha mikataba mipya ya kununua umeme, huku watumiaji wakiongezeka. Katika miaka ya 2024 na 2025 Rais William Ruto alikiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo hukatiwa stima kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Yaani nchi moja, usiku mmoja: saa mbili jioni tunakatiwa, saa nane usiku tunamwaga mvuke.

Hali hiyo ndiyo hasa inayohitaji mashine ya kula usiku na kufunga jioni. Lakini hapo kuna hesabu ambayo wauzaji hawaitaji sana. Elektrolaiza ni ghali. Ikifanya kazi saa 8 badala ya 24, gharama ya kuinunua inaelemea kila mfuko mara tatu. Kwa hiyo mwenye kiwanda atataka kuiwasha mchana kutwa, hata jioni, na hapo haibalansi gridi tena, inaiongezea mzigo. Pia sehemu ya kiwanda inayochanganya amonia haipendi kuwashwa na kuzimwa; inataka joto na mgandamizo wa kudumu. Inabidi uweke matangi ya haidrojeni katikati, sawa na bafa tunayoweka kati ya programu mbili zenye kasi tofauti. Matangi nayo ni pesa.

Mtu akiniuliza, nitasema swali la kwanza kwa yeyote anayeleta mradi wa aina hii si "mtatoa tani ngapi". Ni "mmekubaliana nini kuhusu kuzimwa?" Mkataba useme ni saa ngapi kwa mwaka gridi inaruhusiwa kuikata mashine, kwa taarifa ya sekunde ngapi, na inamlipa nini mwenye mashine kwa kukubali. Kukubali kuzimwa ni huduma, kama ulinzi wa usiku. Sable ilizimwa tu, na mwisho haikuwashwa tena. Ken-Ren nayo ilikuwa na mikataba ya kila namna, ila hesabu ya nani atabeba hasara iliishia kwa mlipa kodi.

Nikikutana na wazee wa hapa kwetu nawaeleza kwa mfano wa kiwanda cha chai. Majani yakifika kutoka kituo cha kununulia, hunyaushwa kwanza, na feni huyapulizia kwa saa nyingi usiku. Ukizima feni dakika kumi, chai haiharibiki. Lakini mashine ya kusaga ukiizima majani yakiwa ndani, umepoteza. Kila kiwanda kina feni zake na mashine zake za kusaga. Kazi ni kujua ipi ni ipi, na kuandika hivyo kabla ya stima kukatika.

Mama bado anangoja jibu lake. Nimemwambia jibu liko ndani ya karatasi ambayo bado haijaandikwa, na akaniambia basi niende nikachume chai, mvua inakuja. Nitawaandikia tena wiki ijayo, stima ikiwepo.